Valgrind Iliniambia Makosa ni Sifuri, Nikaacha Binamu Yangu Aitwe Mwizi

Hii ilikuwa iwe video. Nimeirekodi mara tatu, na mara zote tatu nikifika katikati naanza kujitetea, sauti inakuwa ya mtu anauza kitu. Kwa hivyo leo mtasoma. Ni ndefu kiasi, wekeni chai.

Kwa wageni: mimi ni yule jamaa wa Kuresoi anayeongea mambo ya kompyuta akiwa amesimama kwa shamba la viazi. Nilisoma kompyuta chuo kikuu hadi mwaka wa pili, karo ikanishinda, nikarudi nyumbani. Cheti sina. Niko na laptopu ya mtumba na watu wa hapa kuniita "injinia" bila kuniuliza maswali. Hilo jina nilikuwa nalipenda sana, tusidanganyane.

Upande wetu wa Keringet kuna kituo kidogo cha kukusanya maziwa. Wakulima ni kama 150. Binamu yangu ndiye karani: saa kumi na mbili asubuhi yuko pale na koti na glavu zilizokatwa vidole, mtu analeta mkebe, unawekwa kwa mzani, kilo zinaandikwa, mwisho wa mwezi mtu analipwa kulingana na maandishi. Zamani aliandika kwa kitabu. Novemba 2024 nikawatengenezea programu ya C. Mzani wa dijitali unaunganishwa na waya kwa kompyuta, programu inasoma kilo, inaziandika kwa faili, na kwa skrini inaonyesha jumla ya huyo mkulima. Mbona C? Kompyuta yao ni ya zamani, RAM ni GB 1. Hiyo ndiyo sababu niliwaambia. Sababu ya pili ni kwamba C inafanya mtu aonekane mkali.

Miezi ya kwanza ilikuwa raha. Nilipost, mkalike, mko na ushahidi.

Kufika Juni 2025 kompyuta ikaanza kuganda kila siku karibu saa nne. Binamu anaizima, anaiwasha, foleni inanung'unika. Hapo ndipo nilifungua Valgrind kwa mara ya kwanza tangu nitoke chuo.

Acha niwaeleze hiki kitu, kwa sababu nusu yenu mnaandika Python na hamjawahi kukihitaji. Kwa C, ukitaka kumbukumbu unaiomba, na ukimaliza unairudisha mwenyewe. Hakuna mtu wa kukufagilia nyuma. Ni kama mikebe ya kituo: ukichukua mkebe mtupu na usiurudishe, kesho uchukue mwingine, keshokutwa mwingine, siku moja karani anageuka nyuma na hakuna mkebe hata mmoja. Valgrind inakaa katikati ya programu yako na kompyuta, inahesabu kila baiti uliyoomba na kila uliyorudisha, na mwisho inakuonyesha ule mstari wa programu uliochukua bila kurudisha. Inafanya programu iende polepole sana, mara 10 hadi 30, lakini unavumilia. Ilitolewa kwa umma mwaka wa 2002 na Julian Seward, jamaa wa Uingereza, yule yule aliyeandika bzip2 ya kubana mafaili. Jina ni la lango la Valhalla kwa hadithi za kale za watu wa kaskazini mwa Ulaya. Na kitu kimoja kilichonifurahisha: wenyewe wanasema "grind" isitamkwe "graind", itamkwe vile imeandikwa. Yaani sisi tunaosoma herufi kama zilivyo tulikuwa sawa tangu mwanzo, na yule mwalimu wangu wa maabara ndiye alikuwa anakosea.

Kosa lilipatikana kwa nusu saa. Kila mkulima akipimwa, programu yangu ilisoma faili lote tangu Novemba ili kujumlisha kilo zake, halafu haikurudisha hiyo kumbukumbu. Faili lilikuwa limefika karibu MB 3. Zidisha na wakulima 150. Asubuhi moja ni MB 450, na hiyo ni kompyuta ya GB 1 ambayo bado inataka kuendesha Ubuntu. Ndani ya Valgrind kuna kifaa kingine kinaitwa Massif, ambacho kinapima programu inakula kumbukumbu kiasi gani kadiri muda unavyoenda, kisha unachorewa grafu. Yangu ilipanda tu, haikushuka hata mara moja, kama barabara ya kwenda Mau. Nikaongeza mstari mmoja wa kurudisha kumbukumbu, grafu ikalala. Nikaendesha Valgrind tena. Ikamaliza na ule mstari wake maarufu: makosa 0 kutoka miktadha 0.

Nilipiga picha hiyo skrini. Nikaipost pia. Hapo ndipo shida yenyewe inaanzia.

Julai hapa kwetu ni baridi ya kukata masikio. Wiki ya pili ya Julai, kogo mmoja (kwa wasio wa huku, kogo ni nyanya, shosho) alikuja kituoni akasema kilo zake za siku tatu hazipo. Binamu akaangalia kwa kompyuta, kweli hazipo. Kogo akasema alileta. Binamu akasema kama ulileta ningekuandika. Siku mbili baadaye baba mwingine, siku tatu. Halafu wawili. Wote ni watu wa kuja mapema, wale wa saa kumi na mbili na nusu kabla jua litoke. Mkishaambiwa maziwa yalifika na maandishi hayapo, na kuna mtu mmoja tu anayegusa mkebe na kompyuta, mnajua mazungumzo yanaelekea wapi. Wakaanza kusema karani anauza maziwa ya watu kando. Mtu alisema hivyo mbele yake, kwa sauti, kwa foleni.

Jioni akanipigia. "Wewe, programu yako iko sawa kweli?"

Na mimi nikamjibu, bila hata kufungua laptopu: "Iko sawa. Nimeipitisha kwa Valgrind. Makosa sifuri."

Akauliza mara ya pili baada ya siku chache. Nikamtumia ile picha ya skrini. Wueh. Nikikumbuka hiyo picha nasikia joto la masikio. Mwenyekiti wa kituo pia aliniuliza, nikampa jibu hilo hilo, na nikaongeza Kiingereza kidogo ili aache kuuliza. Sikusema binamu yangu ni mwizi. Lakini ukishasema mashine iko sawa, na maziwa hayako, umebakisha nani? Kwa wiki mbili niliacha hiyo hesabu ifanywe na watu wengine.

Kilichonirudisha sio dhamira, ningependa kuwaambia ni dhamira. Nilikuwa natafuta kontenti. Nilitaka kufanya video ya "vitu vipya kwa Valgrind", kwa sababu ile klipu ya kwanza ilikuwa imetembea. Nikaingia kusoma orodha ya mabadiliko ya kila toleo. Siku hizi wanatoa matoleo mara mbili kwa mwaka, karibu Aprili na Oktoba. Kwa kompyuta ya kituo na kwa laptopu yangu kulikuwa na Ubuntu 22.04, na hiyo inakuja na Valgrind 3.18. Wenyewe walikuwa wamefika 3.25, ya Aprili 2025.

Mkiwahi kusoma hizo orodha mtashangaa. Juu kuna vitu vipya, chini kuna makosa yaliyorekebishwa, moja baada ya nyingine, kila moja na namba yake, mengi yakiwa vitu ambavyo hutawahi kukutana navyo maishani. Hapa kifaa kilikuwa kinalalamikia programu ambayo haina kosa. Pale kilikuwa kinanyamaza mahali kilipaswa kupiga kelele. Kuna moja ya Cachegrind, kile kifaa cha kupima mwendo wa programu: kwa toleo la 3.21 la mwaka wa 2023, lile igizo la kashe ya prosesa ambalo kilifanya tangu zamani lilizimwa, ukilitaka unaliwasha mwenyewe, kwa sababu halifanani sana na kompyuta za kisasa. Nicholas Nethercote, aliyekiandika, alikuwa kwa hiyo kazi. Fikiria umetengeneza kitu, watu wamekitumia miaka 20, halafu unawaambia zile namba msizitegemee hivyo. Nilisoma hiyo nikaendelea kushuka tu, sikuwaza kuhusu mimi.

Kisha nikafika kwa namba za mafaili.

Hapa nendeni polepole na mimi. Programu ikifungua faili, au waya wa mzani (kwa Linux yote ni mafaili tu), inapewa namba. Tatu, nne, tano. Linux inatoa kila wakati namba ndogo kabisa iliyo wazi. Ni kama ile sehemu ya kuacha mzigo kwa mlango wa supermaketi: unaacha begi, unapewa kibati namba 4. Ukitoka unarudisha kibati, unachukua begi, na mteja anayefuata anapewa hiyo hiyo 4. Sasa fikiria mtu ameshachukua begi lake, ameenda, halafu anakumbuka vibaya, anarudi na kusema "nipeni mzigo wa namba 4". Atapewa begi la mtu mwingine.

Valgrind ya zamani ilijua kidogo kuhusu hizi namba. Ukiweka `--track-fds=yes` ilikuonyesha mwishoni mafaili uliyoacha wazi. Toleo la 3.23, la Aprili 2024, likaanza kukuambia ukifunga namba ambayo ulikuwa umeshaifunga. Na 3.24, ya Oktoba 2024, ikaanza kuhesabu kama kosa kamili ukitumia namba iliyofungwa, na inakuonyesha mahali ulipoitumia, mahali ilipofungwa na mahali ilipofunguliwa kwanza. Vitatu vyote. Kabla ya hapo, programu ingeandika kwa faili lililofungwa, Linux ikatae kimyakimya, na Valgrind ingemaliza na makosa sifuri.

Nilisoma hiyo sentensi nikiwa kitandani. Nikainuka nikakaa.

Kwa sababu nilikumbuka kitu. Programu yangu ikichelewa kupata jibu la mzani, sekunde tano hivi, inamwambia karani aandike kilo kwa mkono. Na betri ya ule mzani kwa baridi huwa inavuta miguu. Saa kumi na mbili na nusu, Julai, Kuresoi. Wale wa mapema.

Hiyo usiku nilishusha Valgrind mpya. Haikuwa kwa Ubuntu 22.04, ikabidi niipate kama msimbo niijenge mwenyewe. Faili lake limebanwa kwa bzip2, ya yule yule Seward, jamaa hakuachi. Laptopu yangu ilipumua kama ng'ombe anazaa. Niliiacha nikaenda kupika ugali, nikarudi, bado. Karibu saa tano usiku ikamaliza. Nikachomoa waya wa mzani wa kuigiza ili programu ione mzani haujibu, nikaandika kilo 7 kwa mkono, nikabonyeza. Skrini ya programu yangu ikasema IMEHIFADHIWA.

Na Valgrind ikasema umeandika kwa faili namba 4 ambalo limeshafungwa. Limefungwa hapa. Lilifunguliwa hapa.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Mzani ukichelewa, sehemu ya programu inayosoma mzani ilifunga waya, ikarudi. Ule waya ulikuwa namba 4. Kisha programu ikafungua faili la kilo, na kwa sababu 4 iko wazi, faili la kilo likapewa 4. Kisha kuna sehemu nyingine ya usafi niliyoiandika Novemba nikijiona makini, inafunga waya wa mzani "kwa usalama". Haikujua waya umeshafungwa. Ikafunga namba 4. Faili la kilo. Halafu programu ikajaribu kuandika kilo za kogo kwa faili lililofungwa, Linux ikakataa, na mimi sikuwa nimeuliza kama imekubali au imekataa. Nikaonyesha IMEHIFADHIWA.

Kuna jambo dogo la aibu zaidi. Tangu siku ya kwanza, nikijenga programu, GCC ilikuwa inanipa onyo kwamba napuuza jibu la amri ya kuandika. Kila siku. Nilikuwa nalipita kama tangazo la YouTube.

Kwa hivyo sikuhitaji hata toleo jipya, kama ningekuwa mtu wa kusoma maonyo. Najua mtaniambia kwa komenti, nimejiwahi. Lakini mimi sasa sioni ile "makosa 0" kama nilivyoiona. Valgrind haikunidanganya Juni. Ilisema haijaona kosa kati ya yale iliyojua kutafuta, na kila Aprili na Oktoba wenyewe wanaandika hadharani: haya ndiyo tulikuwa hatuyaoni. Wanaandika na namba. Mimi ndiye nilichukua jibu dogo nikalifanya kubwa, nikalitumia kumnyamazisha mtu aliyekuwa anauliza swali la maana. Binamu yangu hajui C, lakini aliuliza mara mbili. Kwa hiyo hadithi yote, yeye ndiye alikuwa anatafuta kosa.

Kurekebisha kulinichukua dakika kumi: nikatoa ule usafi wa bandia, nikafanya programu iangalie jibu la kuandika, na ikikataliwa skrini inakuwa nyekundu na karani anaandika kwa kitabu. Kitabu nimekirudisha, na nimeomba kisiondolewe.

Kusema ndiyo ilikuwa kazi. Nilimwambia binamu kwanza, asubuhi, kabla watu wafike. Hakunipigia kelele. Alifunga glavu zake, akasema, "Basi uwaambie wewe. Mimi nimesema mpaka nikachoka." Nikangoja foleni ijae, nikasimama kando ya mzani nikaongea. Nilijaribu kueleza mambo ya namba 4 na kibati cha supermaketi, nikaona nyuso, nikaacha. Nikasema: kilo ziliingia, binamu aliziandika, mashine yangu ikazitupa, na nikiulizwa nilisema iko sawa bila kuangalia. Yule aliyemwita mwizi alikuwa hapo. Aliangalia viatu vyake. Sijui kama amemwomba msamaha, hilo si langu kuuliza.

Kilo zenyewe hazikurudi. Kitu ambacho hakijaandikwa kwa diski hakuna Valgrind ya kukitoa. Kituo kikakubali kulipa kwa maneno ya wakulima na nusu itoke kwangu, na nimekuwa nikilipa polepole kwa pesa za zile video, kwa hivyo mkiona matangazo mengi siku hizi, ni maziwa hayo.

Kogo peke yake ndiye hakuwa na shida ya kukumbuka. Nilipoenda kwake na karatasi kuuliza siku zake tatu, alinionyesha kalenda ya kampeni, sura ya mheshimiwa imeshaliwa na moshi, na kwa kila siku kuna mistari ya makaa. Mstari mmoja, kilo moja. Nilihesabu, ikawa siku nne zimepotea, si tatu kama alivyosema kituoni. Nikamuuliza mbona hakusema ya nne.

"Ile ya nne nilifikiri nimekosea mimi," akasema. "Nyinyi mko na kompyuta."

Nikaandika nne.

Video ya vitu vipya kwa Valgrind bado sijaifanya. Kwa wale wa Ubuntu 22.04, andikeni `valgrind --version` muone mko wapi. Na kama kuna mtu anajua mzani wa bei nafuu ambao betri yake inavumilia baridi ya huku, aniandikie, kituo kinatafuta.